Kwa Nini Mkulima wa Mpunga Hutia Yai Kwenye Maji ya Chumvi?

Nenda jikoni, chukua punje kumi za mchele mweupe, uziweke kwenye pamba iliyolowa. Hata ukingoja wiki nzima hazitaota. Kiswahili chenyewe kinakueleza sababu: mchele si mpunga. Mpunga una ganda, na chini ya ganda, kwenye ncha moja ya punje, kuna kiini cha mmea. Mashine ikikoboa, ganda huondoka na kiini nacho huenda. Kinachobaki ni wanga, akiba ya chakula cha mche ambao hautazaliwa.

Akiba hiyo ndiyo habari yetu leo. Mbegu ya mpunga ikilowa hutoa mzizi mmoja, kisha mingine hufuata kutoka chini ya shina. Mche mchanga hauna majani ya kutosha kujitengenezea chakula, basi hula akiba ya mbegu mpaka upate majani kama matatu. Mbegu nzito ina akiba kubwa, na mizizi yake hurefuka upesi. Punje isiyojaa huishiwa mapema. Kule Kyela au Kilombero, Tanzania, mche wa namna hiyo ukitolewa kitaluni na kupandikizwa shambani huchelewa kushika udongo, au hufa, na mkulima anainama tena kuziba mapengo.

Lakini atazipimaje? Punje 1,000 zina gramu 20 hadi 30 tu! Hapo ndipo yai linapoingia. Yai bichi huzama kwenye maji matupu. Tia chumvi, koroga, mpaka lielee na kuonyesha sehemu ndogo kama sarafu. Litoe, umimine mbegu. Zinazoelea ziondoe. Zilizozama zioshe vizuri, maana chumvi huzuia kuota. Wajapani wanatumia njia hii tangu karne ya 19.

Usilinganishe aina mbili tofauti, kwani zipo aina zenye punje ndogo na miche imara kabisa. Tena mche ukishajitegemea, udongo na maji vina nguvu kuliko uzito wa mbegu.

Wazazi, msibebe mpunga wa babu kwenye sanduku. Kuingiza mbegu Afrika Kusini kunahitaji kibali. Maharage ya duka lolote hapa Isipingo yanatosha. Chagueni matano makubwa na matano madogo ya aina moja, yawekeni kwenye pamba iliyolowa, na baada ya siku saba mpime mizizi kwa rula. Vipimo mje navyo Jumamosi.