Kuanza Kazi ya Tuisheni: Tafuta Kwanza Mwanafunzi Alipokwama
(Sehemu ya Kwanza)

Kila mwaka vijana waliomaliza kidato cha sita au chuo huanza kufundisha tuisheni wakati wakisubiri ajira. Kazi hii haidai mtaji mkubwa, na wazazi wanaoitafuta ni wengi. Tatizo ni kwamba mwalimu mpya huingia na desturi moja tu aliyoiona shuleni: kusimama ubaoni na kuifundisha mada upya tangu mwanzo hadi mwisho. Mzazi analipa, mtoto anajaza daftari la pili, na matokeo ya muhula yanabaki yaleyale. Katika mfululizo huu wa makala tatu nitaeleza namna ya kuifanya kazi hii imfae mtoto. Leo tuanze na majuma ya mwanzo, maana hapo ndipo mengi huharibika.

Nguvu ya mwalimu wa mtu mmoja ilielezwa na Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, mwaka 1984. Akitumia tafiti za wanafunzi wake wawili wa uzamivu, alionyesha kuwa mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa na mwalimu binafsi aliwapita asilimia 98 ya waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Mwaka 2011 Kurt VanLehn alipitia tafiti nyingi zaidi akapata faida ndogo kuliko ile ya Bloom, ingawa bado ilikuwa kubwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba wanafunzi wa Bloom hawakuongezewa maelezo tu. Walipimwa mara kwa mara, makosa yao yakarekebishwa, na hawakuvushwa kwenda hatua ya pili kabla ya kuimudu ya kwanza. Mwalimu wa darasa lenye wanafunzi sabini hana nafasi ya kumfanyia hivyo kila mmoja. Wewe unayo, na ukiiacha ikapotea hujampa mtoto chochote ambacho shule haikumpa.

Kwa hiyo kipindi cha kwanza kisiwe cha kufundisha. Kiwe cha kupima. Andaa maswali kumi hivi, machache ya darasa alilopo na mengi ya madarasa aliyokwisha kupita. Mwache afanye peke yake, kisha mwombe akueleze kila hatua aliyoifuata. Usimkatize wala usimsahihishe kwa wakati huo. Unatafuta fikra iliyozaa jibu, na fikra hiyo haionekani kwenye alama ya kosa.

Tuchukue Hisabati, somo ambalo kwa miaka mingi limewashinda watahiniwa wengi wa kidato cha nne Tanzania. Mwanafunzi wa kidato cha pili analetwa kwako kwa sababu "hawezi aljebra". Unampa mlinganyo 7 − (x − 2) = 3, naye anapata x = 2. Ukimsikiliza, utagundua kwamba mlinganyo anaujua vizuri, ila alipofungua mabano aliandika 7 − x − 2. Hajui kuwa kutoa hasi mbili ni kuongeza mbili. Mwambie arudishe jibu lake kwenye swali: 7 − (2 − 2) ni 7, wala si 3. Akijaribu 6, itakubali. Sasa ameliona kosa kwa macho yake mwenyewe, na wewe umejua kwamba kazi ya juma hili ni namba hasi. Aljebra itasubiri.

Vivyo hivyo kwa anayejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5, kwa kujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Kabla ya kumpa kanuni, muulize kama 2/5 inazidi nusu au imepungua. Akigundua kwamba ameongeza kitu juu ya nusu na bado akapata pungufu ya nusu, ataitaka kanuni yeye mwenyewe. Mada hii ni ya shule ya msingi, lakini usione aibu kurudi huko na mwanafunzi wa sekondari. Mtoto aliyeruka hatua hiyo ataikuta tena katika kila mada inayofuata.

Kwa Tanzania kuna chanzo kingine cha kukwama ambacho mwalimu mpya hukisahau. Watoto wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Akishindwa swali la Biolojia au Hisabati, msomee swali hilohilo kwa Kiswahili. Akilijibu, basi somo analijua na lugha ya swali ndiyo iliyomzuia, na dawa yake ni mazoezi ya kusoma maswali. Asipolijibu, rudi kwenye somo lenyewe.

Kabla ya kumpokea mwanafunzi, chagua somo moja na ngazi moja unayoimudu kwelikweli. Pata muhtasari wa somo na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, pamoja na mitihani iliyopita. Soma pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani. Zinaonyesha, swali kwa swali, watahiniwa walikosea wapi na kwa nini, na humwandaa mwalimu kuyatambua makosa yaleyale yanapojitokeza mezani kwake.

Mzazi naye aambiwe ukweli mapema. Kubalianeni siku, saa, ada na mahali, na pawe mahali pa wazi, kama sebuleni penye watu wa nyumba. Usimwahidi daraja la kwanza. Baada ya kipindi cha kupima, mweleze mtoto amekwama wapi, mtaanzia wapi, na atajuaje kwamba mnasonga mbele. Mzazi anayelielewa hilo hatashtuka akiona mtoto wa kidato cha pili anafanya sehemu za darasa la tano.

Juma lijalo tutaona jinsi ya kupanga kipindi cha saa moja: muda gani mwalimu aseme, muda gani anyamaze mwanafunzi afanye kazi, na namna ya kurudia mada iliyopita ili isisahaulike.