Bima ya Maisha na Desturi ya Kuzikana

Katika makutano ya mtaa wa U na wa 12, mjini Washington, lipo jengo la ghorofa tano lililofunguliwa mwaka 1903. Lilisanifiwa na John A. Lankford, Mmarekani mweusi, na kujengwa kwa fedha za chama cha Wamarekani weusi, True Reformers. Mwasisi wake, William Washington Browne, alizaliwa utumwani. Kazi kubwa ya chama hicho Mwafrika Mashariki anaijua vyema: kufaana katika maradhi na kuzikana.

Ubaguzi ndio uliowasukuma. Mwaka 1881 kampuni ya bima ya Prudential iliamua kupunguza kwa theluthi moja malipo ya wateja weusi, huku ada ikibaki ile ile. Mwaka 1896 mtakwimu wake, Frederick Hoffman, alichapisha kitabu kilichovihusisha vifo vingi vya watu weusi na maumbile yao, akipuuza umaskini na makazi duni walimolazimishwa kuishi.

Hesabu ya bima yenyewe haina rangi. Hakuna ajuaye siku ya kufa ya mtu mmoja, lakini katika maelfu ya watu wa rika moja, idadi ya watakaokufa mwaka huu hukadirika. Kila mmoja akilipa kidogo mapema, mfuko unaweza kuwalipa wafiwa wote. Kinachofidiwa ni kipato ambacho wategemezi wamekikosa, uhai haulipiki.

Vyama vingi vya zamani vilichangisha kila mwanachama alipofariki. Wanachama walipozeeka, vifo viliongezeka, michango ikapanda, vijana wakajitoa. Nayo benki iliyomilikiwa na True Reformers ilianguka mwaka 1910, na watu wakapoteza akiba zao. Upendo ulikuwapo, kilichokosekana ni usimamizi madhubuti wa fedha.

Serikali nayo iliingia mwaka 1917, Marekani ilipojiunga na Vita Kuu ya Kwanza. Kwa kuwa kampuni binafsi zilikwepa hatari ya vita au kutoza ada kubwa mno, kila askari aliruhusiwa kukata bima ya hadi dola 10,000 kutoka Wizara ya Fedha. Mwaka 1954 watumishi wa serikali kuu, wakiwemo wale wa Washington na vitongoji vyake, walianzishiwa bima yao ya pamoja.

Leo Mtanzania, Mkenya au Mganda akifariki Maryland au Virginia, kundi la WhatsApp hufunguliwa siku hiyo hiyo. Kusafirisha mwili hadi nyumbani hugharimu maelfu ya dola, na watu huchanga. Desturi hii tusiiache, kwani inamletea mfiwa watu pamoja na fedha. Lakini mchango hutegemea huruma ya siku ile, na ni nadra ufike kwenye kodi ya nyumba au karo ya mwaka ujao. Bima ni mkataba: masharti yakitimizwa, kampuni inawajibika kisheria kulipa. Mchango umzike marehemu, bima iwatunze aliowaacha.

Basi uliza kazini kwako kama una bima ya pamoja, na ni ya kiasi gani. Mwislamu amuulize mwanachuoni anayemwamini kuhusu takaful, yaani bima inayofuata misingi ya Kiislamu. Hakikisha jina la mnufaika ni la sasa, na kama ni mtoto mdogo, panga mapema nani atamsimamizia fedha. Kisha mwambie mwenzi wako hati ilipo.