Wembe wa babu umeshika kutu? Kagua makali kabla ya kunyolea

Kama umerithi wembe wa kukunja wa babu na umeukuta umeshika kutu, usiutupe haraka, wala usiuguse na shavu lako bado.

Wengi huamini kwamba kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Sivyo. Pepopunda huletwa na bakteria ambao mbegu zao hukaa kwenye udongo, vumbi na samadi. Ubaya wa kutu ni kwamba inapokula chuma huacha vishimo, na humo hujificha uchafu na damu kavu. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi.

Kagua wembe kwenye mwanga. Kutu ya juujuu isiyofika kwenye makali unaweza kuitoa nyumbani. Paka mafuta ya cherehani, acha usiku mmoja. Vaa glavu nene, laza wembe juu ya ubao, kisha sugua taratibu kwa msasa laini wa namba 1000 au zaidi. Toka mgongoni kwenda kwenye makali, inua mkono, anza tena. Usirudishe mkono kuelekea makali. Epuka mashine ya kusagia, kwa sababu joto lake hulegeza chuma. Usiweke wembe motoni. Baadhi ya mipini ya zamani hushika moto upesi.

Je, vishimo vimefika kwenye makali? Hapo msasa hautasaidia. Makali yatamegeka na kuchana ngozi. Mpelekee fundi anayejua kusaga nyembe hizi hadi afikie chuma kizima. Akishindwa, uhifadhi kama kumbukumbu, mbali na watoto.

Wembe uliosafika uoshe kwa sabuni, ukaushe, kisha upake spiriti ya asilimia 70. Lakini spiriti haiui mbegu za pepopunda, kwa hiyo kinga yako ni chanjo. Na wembe mmoja ni wa mtu mmoja, hata kama ni baba na mwanawe.

Mzazi, usimnyolee mtoto mchanga kwa wembe huo, na kitovu kisikatwe kwa kifaa chochote ambacho si safi na salama. Pepopunda ya watoto wachanga huanzia hapo. Hakikisha amepata chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambazo hukinga pepopunda na homa ya ini B.

Ukijikata, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, likandamize kwa kitambaa safi, kisha nenda kituo cha afya. Ikiwa jeraha ni chafu na miaka 5 imepita tangu chanjo yako ya mwisho, utahitaji nyingine. Usisubiri taya likaze. Mara nyingi dalili huanza kati ya siku ya 3 na ya 21, wakati jeraha lenyewe huenda limeshapona.