Kupima sukari nyumbani: namba bila kazi ni bandeleti iliyopotea

“Mama, leo iko ngapi?”

“Iko mia mbili na kumi.”

“Aah! Imepanda tena.”

Halafu aparei inarudishwa ndani ya mfuko wake, mama anamaliza chai yake, na kila mtu anashika njia ya kazi. Namba imejulikana, lakini hakuna kilichobadilika. Na bandeleti moja imekwisha.

Kwa jamaa zenye mgonjwa wa sukari hapa Bukavu, Uvira ao Goma, bandeleti si kitu cha kuchezea. Feza ya bandeleti inatoka kwenye mfuko uleule wa bugali, wa mafunzo ya watoto na wa dawa zenyewe. Ndiyo maana swali kubwa si kujua tu namna ya kupima. Swali ni hili: upime wakati gani, na namba ikionekana, ufanye nini nayo?

Kazi ya aparei

Kupima glisemi ni kutafuta kiasi cha sukari kilicho ndani ya damu kwa saa ile. Kazi yenyewe inafanyika kwenye bandeleti. Kwenye ncha yake kuna dawa ambayo ikikutana na sukari ya damu inatoa umeme kidogo sana. Sukari ikiwa nyingi, umeme unaongezeka. Aparei inapima umeme huo na kuandika namba, mara nyingi kisha sekunde chache tu.

Zamani watu walikuwa wanaangalia mkojo. Hata leo kuna wanaosema: “Sisimizi wamekuja pale alipokojoa, basi ana sukari.” Kuna ukweli ndani yake, lakini ni ukweli unaochelewa. Kwa watu wengi, sukari inaanza kutoka kwenye mkojo ikiwa imekwisha kupita 180 hivi katika damu. Tena mkojo hauwezi kamwe kuonyesha sukari iliyoshuka, na sukari iliyoshuka inaweza kuua mtu usiku mmoja.

Kupima damu nyumbani hakukuanzia kwa waganga. Mwaka 1969, injinia mmoja wa Marekani, Richard Bernstein, aliyekuwa na ugonjwa wa sukari tangu utoto, alitaka kununua aparei iliyokuwa inauzwa kwa waganga na hospitali tu. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja. Aliipata kwa njia ya bibi yake, aliyekuwa muganga. Akaanza kujipima mara nyingi kwa siku na kubadilisha chakula na insulini yake kufuatana na namba. Faida aliipata hapo: kila namba ilikuwa na kazi yake.

Kabla ya kununua, uliza bandeleti

Inatokea sana: ndugu aliye Ubelgiji ao Canada anatuma aparei nzuri pamoja na bandeleti 50. Bandeleti zinaisha. Mgonjwa anazunguka farmasi zote za mji, hakuna hata moja yenye aina ile. Aparei inabaki kama mapambo, juu ya sababu moja: bandeleti ya aina moja haifanyi kazi kwenye aparei ya aina ingine.

Kwa hiyo, anza kwenye farmasi. Uliza ni bandeleti gani zinapatikana hapa kila mwezi, na kopo moja ni bei gani. Kisha ununue aparei inayokubaliana nazo. Angalia tarehe ya mwisho kwenye kopo. Ukilifungua, andika siku ile juu yake, kwa sababu aina nyingi hazifai tena kisha miezi 3 ao 6, hata kama tarehe iliyoandikwa bado haijafika. Kopo likae limefungwa vizuri, mbali na jua, mbali na moshi na mvuke wa jiko. Usiliweke ndani ya frigo, maana unyevu unaharibu bandeleti.

Namna ya kupima

Nawa mikono kwa maji na sabuni, ukaushe kabisa. Wengi wanaruka hatua hii. Mtu aliyetoka kumenya embe ana sukari kwenye ngozi ya vidole. Akijitoboa hivyo, aparei itasoma damu pamoja na embe. Kufuta kwa alkoli peke yake kunaweza kusitoshe. Na ukitumia alkoli, ngoja ikauke.

Ingiza bandeleti ndani ya aparei. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, kwa sababu pembeni kunauma kidogo. Kama damu ni ngumu kutoka, teremsha mkono chini, ukande kiganja kuelekea kidole. Usikamue kidole kwa nguvu, maana maji ya mwili yanaweza kuchanganyika na damu na kuharibu kipimo. Gusisha ncha ya bandeleti kwenye tone, iivute damu yenyewe. Kesho, badilisha kidole.

Namba ikitoka, usiipime kama mizani ya sokoni. Aparei inayofuata kanuni za kimataifa inaruhusiwa kutofautiana na maabara kwa kiasi cha 15 kwa 100. Ikisema 200, ukweli unaweza kuwa kati ya 170 na 230 hivi. Kwa hiyo mtu aliyepata 148 jana na 155 leo hana sababu ya kuogopa, wala ya kuharibu bandeleti ya pili ili kuhakikisha.

Namba moja, maandiko matatu

Hapa ndipo familia nyingi zinapotea. Sukari ileile inaweza kuandikwa kwa namna tatu. Aparei moja itaandika 126 mg/dl. Karatasi ya maabara itaandika 1,26 g/l. Aparei iliyotoka Canada itaandika 7 mmol/l. Zote tatu zinasema kitu kimoja.

Ili kutoka gramu kwenda miligramu, zidisha mara 100. Ili kutoka mmol kwenda miligramu, zidisha mara 18.

Fikiria sasa mtoto anayepiga simu kwa muuguzi na kusema: “Papa iko ine na nusu.” Kama ni 4,5 mmol/l, hiyo ni 81 mg/dl, papa yuko salama. Kama ni 4,5 g/l, hiyo ni 450, papa anapaswa kuonwa na muganga leo hii. Soma herufi ndogo zilizo pembeni mwa namba, na uziseme kila mara unapopiga simu.

Kama bandeleti ni chache

Mtu anayejidunga insulini ndiye wa kwanza kuhitaji bandeleti. Wakati wake wa maana zaidi ni kabla ya kujidunga, kabla ya kulala, na saa yoyote anapojisikia vibaya. Kujidunga bila kujua sukari iko wapi ni hatari, zaidi sana siku ambayo chakula ni kidogo ao hakijapatikana.

Mtu anayekunywa dawa ambazo kwa kawaida hazishushi sukari kupita kiasi, kama metformini peke yake, mara nyingi hana lazima ya kujitoboa kila siku. Anaweza kupima kwa vipindi, ili ajifunze kitu. Njia moja inaitwa kupima mara mbili kwa chakula kimoja: mbele ya kula, na saa 2 kisha kuanza kula. Jumatatu anapima asubuhi, Jumatano mchana, Ijumaa jioni. Bandeleti 6 tu, na juma moja linamwonyesha ni chakula gani kinachopandisha sukari yake.

Kwa mfano, bugali wa muhogo na sombe unaipeleka kutoka 120 hadi 240. Siku ingine anakula bugali nusu ya ule, anaongeza maharagwe na mboga, inafika 170. Hakuna anayehitaji kumkataza bugali. Ameona mwenyewe kipimo cha sahani yake.

Watu wazima wengi wanaambiwa watafute kati ya 80 na 130 mbele ya kula, na chini ya 180 kisha kula. Mwanamke mwenye mimba, mtoto na mzee wanaweza kupewa namba tofauti, kwa hiyo namba za jirani si zako.

Sukari ikishuka

Mtu anatetemeka, anatoka jasho baridi, moyo unapiga mbio, anaongea maneno yasiyoeleweka. Watu wanasema amelewa. Wengine wanasema ni pepo, wanaanza kuomba. Kama mtu huyo anatumia insulini ao vidonge vinavyoshusha sukari, bandeleti moja wakati ule ina faida kuliko kumi za siku za kawaida.

Chini ya 70 mg/dl, mpe sukari mara moja: vijiko vidogo 3 ao 4 ndani ya maji, ao nusu glasi ya Fanta ya sukari. Ngoja dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, ale chakula. Asijidunge insulini wakati sukari ingali chini. Na kama bandeleti hakuna, usingoje kuitafuta: mpe sukari. Kumpa kijiko cha sukari mtu ambaye sukari yake ilikuwa juu kuna hatari ndogo kuliko kumnyima yule ambaye iko chini.

Aliyezimia asiwekewe kitu chochote cha kunywa kinywani, anaweza kupaliwa. Mlaze kwa ubavu, mpeleke hospitali haraka.

Malaria na damu kidogo

Katika eneo letu kuna jambo ambalo kitabu cha aparei hakilisemi kwa sauti kubwa. Malaria kali inaweza kushusha sukari. Kwinini nayo inaweza kuishusha. Mgonjwa wa sukari anayetibiwa malaria, tena hana hamu ya kula, anapaswa kupimwa mara nyingi kuliko siku zingine.

Tena malaria inapunguza damu. Mtu mwenye damu kidogo anaweza kupata kwenye aparei namba iliyo juu kuliko sukari yake ya kweli. Aparei itasema 95, kumbe iko chini zaidi. Kwa hiyo, kama dalili za kushuka zinaonekana wazi, namba nzuri isikuzuie kumpa sukari na kumpeleka kwa muganga.

Sukari ikipanda zaidi ya 250 na mtu anatapika, anaumwa tumbo, anapumua kwa nguvu ao pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva sana, hiyo si ya kutibu nyumbani. Aende hospitali siku hiyohiyo. Na anayeishi kwa insulini tangu utoto asiiache kabisa eti kwa sababu hajala. Kipimo kinaweza kupunguzwa, lakini ni muganga wa kusema kiasi gani.

Kisindano si cha jirani

Mara nyingine avenue nzima inajua nyumba moja yenye aparei. “Mama, naomba unipime na miye.” Ni upendo, lakini una mpaka wake. Kisindano cha kutobolea ni cha mtu mmoja, na ni cha mara moja. Kalamu inayorusha kisindano nayo ni ya mtu mmoja, hata kama kisindano kimebadilishwa, kwa sababu damu inaweza kubaki kwenye mdomo wake. Virusi vya hepatiti B vinaweza kuishi siku 7 juu ya kitu, bila damu yoyote kuonekana. Aparei yenyewe nayo ni heri iwe ya mtu mmoja. Jirani mwenye dalili apelekwe kwenye kituo cha afya.

Visindano vilivyotumika viingie ndani ya chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, mbali na watoto. Uliza kituo cha afya kama wanaipokea ikijaa.

Kaye ya franka chache

Aparei nyingi zinahifadhi namba, lakini hazijui ulikula nini. Chukua kaye ya shule, gawanya ukurasa: siku, saa, namba, mbele ao kisha kula, chakula, dawa, na namna ulivyojisikia. Andika hata namba mbaya. Kuna wanaoandika 130 pahali pa 230 ili muganga asikasirike. Muganga anayesoma 130 ataacha dawa ilivyo, na macho, figo na miguu vitaendelea kuharibika kimyakimya.

Siku ya kumwona muganga, fungua kaye mbele yake na usirudi bila majibu ya maswali matatu: Nipime siku gani na saa gani, kufuatana na bandeleti ninazoweza kununua? Ikiwa chini ya ngapi, nisijidunge? Ikiwa juu ya ngapi, nije bila kungoja?

Andika majibu hayo kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, ili kila mtu wa nyumba ayaone. Mtoto akiuliza asubuhi, “Mama, leo iko ngapi?”, jibu la kufanya litakuwa limekwisha andikwa pale.