Istilahi: «Kuganda» au «Kushikana»?

Wafasiri wengine wa biolojia huandika kwamba seli «huganda» pamoja. Je, neno hilo lafaa? Tutazame vali za moyo wa mamalia zinavyoumbika.

Katika kiinitete cha panya, kati ya siku ya 9 na ya 10 ya mimba, seli za utando wa ndani wa moyo huwa zimeshikana kwa protini iitwayo kadherini. Kisha jeni iitwayo Snail huizuia jeni ya kadherini isidhihirike. Baadhi ya seli huachana, zikahamia katika ute ulio kati ya utando huo na msuli wa moyo, na humo hujenga vivimbe ambavyo baadaye huwa vali. Seli zisipoachana, vali haziumbiki.

Basi kilichoganda hakiachii kwa urahisi, bali walioshikana mikono huweza kuachana. Tena, katika habari za moyo, msomaji aonapo «kuganda» hudhani ni damu. Kwa hiyo twapendekeza «kushikana», na «jeni za mshikano». «Mshikamano» tumeliacha, kwa kuwa siasa imekwisha kulichukua.