Chembe na Viishio vya Kitenzi katika Sentensi za Kila Siku za Kikorea: Uchanganuzi kwa Mtazamo wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafafanua dhima za chembe (josa) na viishio vya kitenzi (eomi) katika sentensi za kawaida za Kikorea. Hoja kuu ni kwamba kuziita chembe hizo "vihusishi" na kuvichukulia viishio kuwa alama za njeo tu ni kuficha mambo mawili ambayo sarufi ya Kikorea hutaka msemaji ayabainishe: hadhi ya taarifa katika mazungumzo, na uhusiano baina ya msemaji, msikilizaji na anayesemwa.

1.0 Utangulizi

Kikorea na Kiswahili ni lugha zisizo na unasaba, lakini zote mbili hujenga maneno kwa kuunganisha mofimu zinazotambulika kwa urahisi. Tofauti ipo katika mpangilio. Kiswahili hutanguliza mofimu nyingi za kisarufi kabla ya mzizi wa kitenzi, kama katika a-li-ki-soma, ilhali Kikorea huzipanga baada ya mzizi, na kitenzi chenyewe hukaa mwishoni mwa sentensi. Mifano ifuatayo imeandikwa kwa mfumo wa hati za Kirumi uliotangazwa na serikali ya Korea Kusini mwaka 2000. Vistari vimeongezwa ili kutenga mofimu.

(1) Mina-ga sagwa-reul meog-eoss-eoyo.
Mina-KIIMA tofaa-YAMBWA la-ULIOPITA-ADABU
"Mina alikula tofaa."

Katika tafsiri ya Kiswahili, kiambishi a- ndicho kinachofungamanisha kitenzi na kiima. Kitenzi cha Kikorea hakina kiambishi cha nafsi wala cha ngeli. Uamilifu wa nomino hudhihirishwa na chembe inayoifuata.

2.0 Hadhi ya chembe

Umbo la chembe nyingi hutegemea sauti ya mwisho ya nomino. Kiima huchukua -i baada ya konsonanti (haksaeng-i, "mwanafunzi") na -ga baada ya irabu (Mina-ga). Vivyo hivyo, yambwa huchukua -eul au -reul, na mada -eun au -neun. Utegemezi huu wa kifonolojia ni sababu ya kwanza ya kutoziita vihusishi, kwani kihusishi cha Kiswahili ni neno huru linalotangulia nomino.

Wanasarufi wa Korea wenyewe wametofautiana kuhusu suala hili. Ju Si-gyeong, katika sarufi yake ya mwaka 1910, alizihesabu chembe na viishio vyote kuwa aina za maneno. Choe Hyeon-bae, katika Uri Malbon ya mwaka 1937, alizibakiza chembe katika orodha ya aina za maneno lakini akaviona viishio kuwa sehemu ya kitenzi. Sarufi ya shule nchini Korea Kusini inafuata njia hiyo ya kati. Kwa hiyo, chembe huhesabiwa kuwa neno, lakini katika maandishi huungwa na nomino.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mfano wa karibu zaidi ni kiambishi -ni cha mahali, ambacho nacho hufuata nomino. Hata hivyo, ulinganifu huo una mipaka. Neno "shuleni" halibadiliki katika "yupo shuleni", "anakwenda shuleni", "anasoma shuleni" na "anatoka shuleni". Maana ya kitenzi ndiyo inayotofautisha. Kikorea hugawa kazi hiyo baina ya chembe mbili:

(2) a. hakgyo-e iss-eoyo "yupo shuleni"
b. hakgyo-e ga-yo "anakwenda shuleni"
c. hakgyo-eseo gongbuhae-yo "anasoma shuleni"
d. hakgyo-eseo wa-yo "anakuja kutoka shuleni"

Chembe -e huonyesha mahali pa kuwepo au pa kuelekea, na -eseo mahali pa tendo au pa kuanzia. Anayelinganisha -e na -ni moja kwa moja atasema *hakgyo-e gongbuhae-yo, sentensi isiyokubalika.

3.0 Mada na kiima

Sababu ya pili ya kukataa istilahi "kihusishi" ni chembe -eun/-neun, ambayo haionyeshi uhusiano wowote wa kimahali wala wa kiuamilifu. Kazi yake ni kutenga jambo linalozungumziwa.

(3) a. Nu-ga wass-eoyo? "Nani amekuja?"
b. Mina-ga wass-eoyo. "Aliyekuja ni Mina."
c. Mina-neun wass-eoyo. "Mina, yeye amekuja."

Jibu la (3a) ni (3b), kwa kuwa Mina ndiye taarifa mpya. Sentensi (3c) hudokeza ulinganishi: Mina amekuja, lakini kuhusu wengine hakuna linalothibitishwa. Kiswahili hupata tofauti hiyo kwa muundo wa "ni" pamoja na kirejeshi, au kwa kutanguliza nomino na kuifuatisha kiwakilishi. Kwa hiyo, jambo ambalo Kiswahili hulibeba kwa sintaksia, Kikorea hulibeba kwa silabi moja.

4.0 Viishio na heshima

Katika mfano (1), -eoss- huonyesha wakati uliopita na -eoyo huonyesha adabu kwa msikilizaji. Mofimu -(eu)si- huonyesha heshima kwa kiima. Heshima hizi mbili hazitegemeani:

(4) a. Mina-ga wass-eo.
b. Mina-ga wass-eoyo.
c. Halmeoni-ga o-sy-eoss-eo.
d. Halmeoni-kkeseo o-sy-eoss-eoyo.

Sentensi (4a) humwambia rafiki kwamba Mina amekuja. (4b) humwambia hivyo mtu anayestahili adabu. Katika (4c) msemaji anamheshimu bibi huku akizungumza na rafiki, na katika (4d) anawaheshimu wote wawili, akitumia pia chembe ya kiima ya heshima, -kkeseo.

Mofimu -(eu)si- ina athari nyingine isiyotajwa mara nyingi. Swali Eodi ga-seyo? ("Unakwenda wapi?") halina kiwakilishi wala kiambishi cha nafsi. Hata hivyo, kiima hakiwezi kuwa msemaji, kwa sababu mtu hajitolei heshima mwenyewe. Hapa heshima hutekeleza sehemu ya kazi ambayo katika Kiswahili hutekelezwa na kiambishi cha nafsi.

5.0 Hitimisho

Kiswahili hakina upungufu wa heshima. Huidhihirisha kwa maamkizi kama "shikamoo", kwa majina ya ukoo na kwa uteuzi wa maneno. Tofauti ni kwamba sentensi "Bibi amekuja" imekamilika kisarufi bila kujulikana inaambiwa nani. Mfasiri anayeitia katika Kikorea hawezi kukifunga kitenzi mpaka aamue. Kinyume chake, anayefasiri (4c) na (4d) kuwa "Bibi amekuja" atakuwa amepoteza taarifa ambayo kila msomaji wa Kikorea anaiona. Hivyo, inafaa istilahi za Kiswahili za kufundishia Kikorea zitenge chembe na kihusishi, na kiishio na alama ya njeo, ili mwanafunzi aanze kwa kuuliza ni jambo gani linazungumziwa, na nani anaambiwa.