Teknolojia ya kusambaza mafaili bila kupotea na somo lake kwa Karagwe na Kyerwa

Na Mwandishi Wetu

MBIU ya mgambo ikilia kuna jambo, na anayeipiga hasubiri kila kaya imjibu kwamba imesikia. Hutangaza, akapita, akaenda kitongoji cha pili. Aliyekuwa mbali siku hiyo hukosa habari, wala mpiga mbiu hana njia ya kujua.

Redio nayo imerithi sifa hiyo na kasoro hiyo. Hufikia maelfu kwa gharama ile ile ambayo ingefikia mmoja, lakini haina sikio la kusikia nani amekosa nini.

Kwa wakazi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, kukosa tangazo si jambo dogo. Wilaya hizo mbili zilikuwa moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe. Katika sensa ya mwaka huo kila moja ilikuwa na watu zaidi ya 320,000, wengi wao wakiishi kwa kutegemea migomba na kahawa.

Mwaka 2006 mnyauko wa migomba, ugonjwa unaosababishwa na bakteria, ulibainika mkoani Kagera. Ugonjwa huo husambazwa na wadudu wanaotembelea ua dume la mgomba, na pia kwa panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata ulio mzima. Mkulima anayejua mapema hukata ua dume kwa kijiti chenye panda, hupitisha panga lake kwenye moto na kung'oa mashina yaliyougua. Asiyejua huusambaza ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe.

Kahawa nayo ina habari zake. Mkulima asiyejua bei halali ni rahisi kunaswa na butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa fedha kidogo.

Redio ya jamii ya FADECO, iliyoanza kurusha matangazo wilayani Karagwe mwaka 2007, ni mfano wa jinsi sauti inavyoweza kubeba elimu ya aina hiyo. Lakini sauti ina mipaka. Afisa ugani anahitaji picha za jani lililougua, jedwali la bei na mwongozo wa kurasa kadhaa. Hayo ni mafaili, na faili halivumilii pengo. Wimbo ukikatika kidogo msikilizaji huelewa, ila faili likikosa kipande kimoja huenda lisifunguke kabisa.

Tatizo liko wapi?

Katika intaneti ya kawaida, faili hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kompyuta inayopokea hutoa taarifa kwa inayotuma, na pakiti iliyopotea hutumwa upya. Utaratibu huo hufaa sana kati ya watu wawili.

Wapokeaji wakiwa wengi, mambo hubadilika. Tuseme faili la megabaiti 20 linapelekwa katika vituo 100, kila kimoja peke yake. Mtandao utabeba megabaiti 2,000. Likirushwa mara moja kwa wote, hubeba 20 tu. Lakini vituo vyote vikianza kuomba pakiti zao zilizopotea, mtumaji atazidiwa na maombi. Na kama mawimbi yanashuka kutoka kwenye setilaiti, huenda kituo kisiwe hata na njia ya kuomba.

Dawa ya zamani ilikuwa kurudia faili zima tena na tena, kama gurudumu linalozunguka. Aliyekosa pakiti ya 417 kati ya 1,000 humlazimu kusubiri hadi ipite tena, na ikipotea mara ya pili, husubiri mzunguko mwingine. Njia hiyo hufanya kazi, ila hupoteza muda mwingi.

Hesabu iliyoleta ufumbuzi

Siri ya uvumbuzi uliofuata inaweza kuelezwa kwa hesabu ya darasani. Chukua taarifa yenye namba tatu: 7, 5 na 4. Mtumaji anazirusha zote, kisha anaongeza ya nne ambayo ni jumla yake, yaani 16.

Tuseme Nkwenda wamekosa 7, Kaisho wamekosa 5, na Bweranyange wamekosa 4. Kila mmoja ana pengo tofauti, lakini namba 16 inawatibu wote. Nkwenda watatoa 5 na 4 katika 16 na kupata 7. Wengine watafanya vivyo hivyo. Kipande kimoja kimeziba mapengo matatu, na hakuna aliyelazimika kuuliza.

Msingi wa fikra hiyo ni wa miaka mingi. Mwaka 1960, Irving Reed na Gustave Solomon wa Marekani walichapisha misimbo inayobeba majina yao, ambayo baadaye ilitumika katika santuri za CD na mawasiliano ya vyombo vya anga. Hata hivyo, faili likiwa kubwa, hesabu za misimbo hiyo huwa nzito kwa kompyuta.

Mwaka 1998, John Byers, Michael Luby, Michael Mitzenmacher na Ashutosh Rege walieleza wazo la chemchemi ya kidijitali. Mtu anayekinga maji kwenye chemchemi hajali ametilia ndoo yake matone yapi. Anachotaka ni ndoo ijae. Vivyo hivyo, mtumaji hutoa pakiti mfululizo, kila moja ikiwa mchanganyiko wa vipande vya faili. Mpokeaji hukusanya zozote zinazomfikia, na zikitosha, faili hujengeka.

Luby alibuni misimbo ya kwanza ya kutekeleza wazo hilo kikamilifu, na Amin Shokrollahi akaiboresha kwa misimbo iitwayo Raptor. Toleo lake la RaptorQ lilichapishwa mwaka 2011 kama kiwango cha intaneti. Kwa faili la pakiti 1,000, mpokeaji mwenye pakiti zozote 1,002 hushindwa kulijenga chini ya mara moja katika majaribio milioni moja.

Kampuni iliyoanzishwa kuendeleza uvumbuzi huo, Digital Fountain, ilinunuliwa na Qualcomm mwaka 2009. Misimbo ya aina hiyo imeingizwa katika viwango vya utangazaji kupitia simu za mkononi na katika televisheni mpya ya kidijitali inayotumika Marekani na Korea Kusini.

Afrika iliwahi kujaribu

Kurusha mafaili kutoka angani si jambo geni barani Afrika. Oktoba 1998, kampuni ya WorldSpace ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirusha setilaiti ya AfriStar. Mbali na redio, mpokeaji aliyeunganishwa na kompyuta aliweza kupokea kurasa na takwimu bila laini ya simu. Mradi wa RANET ulitumia njia hiyo kufikisha taarifa za hali ya hewa vijijini.

Kwa chaneli ya kilobiti 128 kwa sekunde, faili la megabaiti 20 huchukua takriban dakika 21 kufika, liwe linapokewa na kituo kimoja au elfu moja. Lakini WorldSpace iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Oktoba 2008, na huduma ikafa. Mawimbi yalifika hadi kijijini. Kilichokosekana ni biashara ya kuyalipia.

Hilo ndilo somo kubwa. Misimbo hupunguza gharama ya kufikisha faili, lakini haijengi mnara, haileti umeme wala haimlipi anayeandaa mwongozo kwa lugha ambayo mkulima anaielewa. Aidha, matangazo ya wazi yanahitaji sahihi ya kidijitali, ili bei ya uongo isipokewe kama ya kweli.

Kuna habari njema kwa wahandisi vijana. Hataza hudumu miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa. Ile ya Marekani ya misimbo ya kwanza ya Luby, iliyoombwa mwaka 1999 na kutolewa 2001, imekwisha muda wake. Vyuo vya Tanzania vinaweza kuifundisha na kuijaribu hesabu hiyo kwa kompyuta ya kawaida.

Mamlaka za mawasiliano na kilimo zinaweza kuanza na jambo dogo: kituo kimoja cha kurusha, ofisi chache za kata zenye vipokezi, na faili moja kwa wiki lenye bei za kahawa na picha za magonjwa ya mazao. Matokeo yake yangepimwa kwa swali moja: je, afisa ugani wa Murongo, mpakani mwa Uganda, alipata picha za mgomba mgonjwa siku ile ile mwenzake wa Kayanga alipozipata?